Siku Mama Funguo alipoacha kuificha nyumba

Saa mbili asubuhi haijafika, na Mama Funguo anakatiza mtaa akiwa amebeba begani mtungi mwekundu wa kuzimia moto, ameukumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki. Anatembea haraka. Akichoka kutembea haraka, anakimbia.

Funguo tano zinazoning'inia shingoni mwake zinalia kila hatua. Ndizo zilizompa jina. Majirani wanasema humsikia kabla hawajamwona, na kwamba paka wa mtaa wameshajifunza kumpisha.

"Leo usiniulize habari za nyumbani," anamwambia muuza magazeti bila kusimama. "Leo niombee tu!"

Leo mkaguzi wa manispaa anakuja kuikagua nyumba yake. Akiridhika, atapigilia mlangoni kibao cha bluu chenye namba ya usajili, na nyumba itaruhusiwa kupokea wageni wa siku chache. Asiporidhika, Mama Funguo atawapoteza wageni sita wanaotegemewa jioni hii hii, na baada ya wageni huenda akaipoteza nyumba yenyewe.

Nyumba ina vyumba vitatu vya wageni na kimoja anacholala yeye na shangazi yake. Ni ya urithi. Mama Funguo anaimiliki nusu kwa nusu na kaka yake mkubwa, fundi wa majokofu, na mama yao ndiye aliyekuwa wa mwisho kulala chumba cha mbele kabla hakijawa cha wageni.

Kwa miaka kumi na tisa Mama Funguo alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja iliyokuwa karibu na ufukwe. Hoteli ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wachague kitu cha kuondoka nacho. Wengine walibeba televisheni. Yeye alibeba mashuka.

"Walinicheka mpaka mbavu zikawauma," anakumbuka, na yeye mwenyewe anacheka. "Nikawaambia, televisheni itaharibika, lakini mtu atalala tu. Kila siku iendayo kwa Mungu, mtu atalala."

Akapiga picha vyumba kwa simu, akaviweka kwenye programu ya kukodishia nyumba, na wiki ile ile akampata mgeni wa kwanza, mwalimu aliyetaka kupumzika mahali pasipo na kengele. Siku hizi vyumba vyake vinapata wageni karibu siku kumi na nane kwa mwezi. Fedha hiyo inalipa umeme, maji, dawa za shangazi na ada za binti yake aliye chuoni. Ikibaki, inanunua mito, kwa sababu Mama Funguo ana udhaifu wa mito.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nyumba ilikuwa inajificha.

Manispaa inatoza kodi ya malazi. Kwa kila mia anayolipa mgeni, anaongeza nne, na mwenye nyumba anazikusanya na kuzifikisha manispaa kila baada ya miezi mitatu. Hoteli zimekuwa zikifanya hivyo siku zote. Wenye vyumba viwili vitatu, kama wa mtaa huu, walikuwa wakifanya mazoezi ya viungo.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Gari jeupe la manispaa likionekana kona ya juu, jirani wa kwanza anayeliona anagonga ndoo. Anayesikia naye anagonga yake. Kufumba na kufumbua, vibao vya "Karibu" vinaingia chini ya masinki, nguo za familia zinatupwa kwenye viti, na katika kila chumba chenye vitanda viwili, kimoja kinafunguliwa na kuegemezwa ukutani nyuma ya kabati. Gari likipita, mtaa mzima ni wa watu na jamaa zao, hakuna aliyewahi kumwona mgeni.

Kwa Mama Funguo kazi hiyo ilikuwa ya shangazi. Mwanamke huyu wa miaka sabini na sita, ambaye siku za kawaida huomba asaidiwe kunyanyuka kwenye kiti, alikuwa anafungua boliti za kitanda haraka kuliko fundi. Kisha anajilaza chumba cha mbele na kuanza kukohoa.

"Nilikuwa nakohoa vizuri," anasema kwa fahari. "Kuna mkaguzi mmoja aliniletea machungwa."

Kaka mtu hakucheka. Naye jina lake liko kwenye hati, na faini ikija itawapiga wote wawili. Wiki iliyopita alikuja na utepe wake wa kupimia, ule wa chuma unaojirudisha wenyewe, akapima ua wote kwa ajili ya mnunuzi anayetaka kuvunja nyumba na kujenga bohari. Mama Funguo alikuwa jikoni. Kila utepe uliporudi na ule mlio wake wa kukatika, anasema, aliacha kupika na kuchungulia dirishani.

"Mdogo wangu, mimi nusu ya nyumba naitaka," kaka alimwambia. "Lakini sitaki nusu ya nyumba inayojificha. Isajili kabla ya mwisho wa mwezi, ukishindwa tunauza. Na ukiisajili, sitafungua mdomo tena."

Bahati nzuri manispaa nayo ilikuwa imetangaza msamaha. Yeyote atakayejisajili mwenyewe kabla ya mwezi kwisha hataulizwa habari za nyuma. Mama Funguo akapiga moyo konde, akaenda kujaza maombi. Akapewa siku ya ukaguzi, ambayo ni leo, saa tatu asubuhi. Kilichokuwa kimebaki ni mtungi wa kuzimia moto, uliokuwa kwa fundi ukijazwa. Ndiyo maana anakimbia.

Anakata kona. Na hapo anasikia ndoo.

Ko, ko, ko. Kisha nyingine, mbele zaidi. Kisha ndoo ya jirani wa mkabala na nyumba yake, ambayo mlio wake anaujua hata akiwa usingizini, kwa sababu ina ufa.

"Jamani, hapana," anasema Mama Funguo, na mtungi unamteleza begani. "Hapana, hapana, hapana! Leo si siku ya ndoo!"

Mkaguzi amewahi. Amekuja na gari lile lile jeupe, akaanza na nyumba za juu, na mtaa umefanya kile ambacho mtaa umezoea kufanya. Hakuna aliyewaambia majirani kwamba safari hii Mama Funguo amemwita mkaguzi mwenyewe. Alitaka kibao cha bluu kiwashtukize.

Shangazi alikuwa ameambiwa. Aliambiwa jana, akaambiwa na asubuhi akinywa chai. Lakini anajitetea kwamba aliambiwa atakuja mkaguzi, na yeye mawazoni mwake alimwona mtu wa tai na mkoba. Aliposikia ndoo, akachungulia, akaona gari lile lile na kofia ile ile, mikono ikaanza kazi kabla kichwa hakijaamka.

Mtaa ni mrefu na mtungi ni mzito. Mama Funguo anafika getini huku anahema. Mkaguzi, mwanamume mrefu wa makamo mwenye kalamu sikioni, ndiyo kwanza anatoka mlangoni. Nyuma yake, kutoka chumba cha mbele, kinasikika kikohozi cha kusikitisha.

"Pole kwa mgonjwa, mama," anasema mkaguzi. "Nadhani kuna makosa kwenye maombi yenu. Nimeona vyumba vitatu, kila kimoja kitanda kimoja na nguo zimejaa. Bibi ameniambia hapa hajawahi kulala mgeni tangu nyumba ijengwe. Niandike hakuna malazi?"

"Andika, baba!" shangazi anapaza sauti kutoka ndani. "Andika, Mungu akubariki!"

Hapo ndipo palipo pagumu. Mkaguzi anamtazama. Anachotakiwa kusema Mama Funguo ni kitu ambacho hajawahi kukisema mbele ya mtu wa manispaa, na mdomo wake una mazoea ya miaka mitatu ya kusema kinyume chake. Anautua mtungi chini. Anazishika funguo zisilie.

"Usiandike," anasema. "Bibi si mgonjwa. Kila chumba kina vitanda viwili, kimoja kiko nyuma ya kabati. Tulikuwa tunavificha mkija. Tumevificha miaka mitatu. Leo nimekuita mimi mwenyewe ili nisivifiche tena, na shangazi yangu amesahau."

Kikohozi kinakatika ghafla, kama redio iliyozimwa.

Mkaguzi anaitoa kalamu sikioni, anaitazama, anairudisha. Mashavu yanamcheza. "Mama," anasema, "mimi mtaa huu nimeujua siku nyingi. Nyumba yenye wakazi wawili huanika mashuka kumi na mawili meupe kila Jumatatu?"

Wanacheka wote wawili, lakini sheria haicheki. Mkaguzi anasajili vitanda anavyoviona vimesimama, si vilivyoegemezwa ukutani. Wageni ni sita, na vitanda vilivyosimama ni vitatu. Programu ya simu nayo imeshatuma ujumbe: bila namba ya usajili inayoruhusu watu sita, nafasi ya leo inafutwa saa sita mchana. Na mkaguzi harudi mtaa huu tena mwezi huu.

"Nina nyumba mbili za chini zimebaki," anasema. "Nikimaliza nitapita tena hapa kuchukua gari. Nitakachokikuta ndicho nitakachoandika."

Mama Funguo anaingia ndani kama upepo.

"Shangazi! Boliti ziko wapi?"

"Zipo."

"Wapi?"

"Nimezificha, mwanangu. Si ndiyo kazi yangu?"

Nusu ya boliti ziko ndani ya foronya ya shangazi. Nati ziko kwenye kopo la majani ya chai. Spana haijulikani ilipo. Shangazi anakaa kitandani, anafumba macho na kurudia safari yake kwa vidole hewani: kabati, mlango, korido, jikoni. Mama Funguo anapindua mito, anapindua makochi, anapindua kapu la nguo chafu, huku akikaza nati kwa vidole mpaka vinamuuma. Jirani wa ndoo yenye ufa amevuka barabara kuja kuomba radhi, na sasa ameshikizwa ubao wa kichwani mwa kitanda na hajui aufanye nini.

"Ungeniambia!" analalamika jirani. "Mimi nakuokoa, kumbe nakuzamisha!"

"Shika wima," anamjibu Mama Funguo. "Kesi yako baadaye."

Kitanda cha kwanza kinasimama, kinayumba, kinalala chini tena kwa kishindo. Mama Funguo anakaa sakafuni, katikati ya mbao. Machozi yanamlenga. Anafikiria bohari. Anasema aliliona kabisa, na milango yake ya chuma, limekaa pale pale alipolala mama yake.

Ndipo anapoona viatu mlangoni. Viatu vya kazi, vyenye madoa ya rangi ya fedha. Kaka mtu amekuja kusikia majibu, na mfuko wa vifaa uko begani.

Kaka anasimama kizingitini. Anazitazama mbao, anamtazama dada yake, anamtazama shangazi ambaye amejifunika shuka mpaka puani. Jirani na ubao wake wanajaribu kujificha nyuma ya pazia. Kama kaka akigeuka sasa na kwenda zake, hakuna atakayemlaumu. Makubaliano ni makubaliano.

"Mkaguzi amekataa?" anauliza.

"Anarudi sasa hivi. Shangazi amevifungua vitanda."

"Vyote?"

"Vitatu."

Kaka anavuta pumzi ndefu. Anaushusha mfuko, unatoa mlio wa chuma sakafuni.

"Nani alivifunga hivi toka mwanzo?" anasema huku akipiga magoti. "Hiki si kitanda, ni mtego wa panya. Lete hiyo boliti. Siyo hiyo, hiyo ndefu. Shangazi, wewe mgonjwa, hebu amka unishikie mguu huu."

"Sasa hivi, baba!" anasema shangazi, na anaruka kutoka kitandani kama mtu wa miaka ishirini.

Anayemjua Mama Funguo anajua kutandika kwake. Kaka anakaza, yeye anatupa godoro. Kaka anahamia chumba cha pili, yeye amekwishavuta shuka pembe nne likakaa bila mkunjo. Shangazi anavisha mito foronya huku akiimba. Jirani amepandishwa cheo, sasa anabeba nguo zilizotupwa vitini na kuzipeleka kwake. Wanagongana kwenye korido, wanapigiana kelele, wanacheka. Hakuna anayekumbuka kwamba wiki iliyopita katika nyumba hii watu walikuwa hawasalimiani.

"Kaka, tulipokuwa wadogo ulinivunjia kitanda ukiruka juu yake," Mama Funguo anampigia kelele kutoka chumba cha tatu.

"Nimekulipa leo!" anajibiwa.

Mkaguzi anaporudi, wote wanne wamejipanga ukumbini, wanahema, wameshika viuno. Shangazi ana nati moja mkononi na hakuna anayejua ilitakiwa kuingia wapi.

Mkaguzi anaingia chumba hadi chumba. Anautikisa mtungi wa kuzimia moto na kusoma tarehe yake. Anafungua mlango wa nyuma kuona kama mtu anaweza kutoka kukiwa na moto. Anahesabu vitanda kwa kalamu. Kwenye cha mwisho, ambacho ndicho kilichokosa nati, anakaa. Kisha, taratibu, anajilaza na viatu vyake vikining'inia nje.

Kitanda hakilii hata kidogo.

"Sita," anasema akitazama dari. Hana haraka ya kuamka. "Mashuka haya mmeyatoa wapi?"

Kibao cha bluu kinapigiliwa kabla ya saa nne. Kaka mtu ndiye anayeshika misumari. Mama Funguo amesimama katikati ya barabara akikitazama, anarudi nyuma hatua moja, anakitazama tena, na furaha inamjaa mpaka anaanza kupiga ndoo ya jirani. Ndoo nyingine zinaitika kote mtaani. Nyumba tatu, inasemekana, zilificha vitanda.

Shangazi peke yake ndiye ana wasiwasi. "Sasa wakija tena hawa, mimi nifanye nini?"

"Uwape chai, Shangazi."

"Basi?"

"Basi."

Shangazi anaonekana kama mfanyakazi aliyepewa barua ya kustaafu.

Lakini siku haijaisha, maana kujisajili ni kitu kimoja na kumwomba mgeni kodi ni kingine. Mama Funguo alilelewa kumpokea mgeni kwa maji ya kunywa, si kwa madai. Wiki nzima amekuwa akijizoeza mbele ya kioo cha bafuni: karibuni sana, bei ni ile ile mliyoiona, isipokuwa kuna kodi ya malazi. Kila akifika kwenye "isipokuwa", uso unamshuka.

"Naona kama namwambia mtu karibu, halafu nampapasa mfukoni," anasema.

Wageni wanawasili saa kumi na nusu. Ni wanawake sita waliosoma pamoja shule ya bweni na hawajalala chini ya paa moja tangu wamalize. Wanateremka na masanduku na vicheko, na hawajavuka kizingiti wameshaanza kugombania kitanda cha dirishani. Mama Funguo anawapa maji. Anafungua mdomo. Anaufunga.

"Karibuni sana," anaanza. "Bei ni ile ile mliyoiona..."

Mmoja wao, mhasibu mwenye miwani, amekwishakiona kibao. "Ahaa, mmesajiliwa! Kodi ya malazi tunalipa pamoja na chumba au peke yake? Kila mji una utaratibu wake."

Mama Funguo anamtazama kama aliyeona malaika mwenye miwani. Wiki nzima ya kioo imekwenda bure, na hajawahi kufurahi hivyo kwa kazi iliyokwenda bure. Anapokea kodi ya wote sita, anaitenga kwenye kikopo chake, na kumtangazia shangazi kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Hii si yetu, usiiguse! Hii ni ya taa za mtaani!"

Manispaa imeahidi kwamba sehemu ya kodi hiyo itarudi mitaani kwa taa na mitaro. Mama Funguo ameshachagua nguzo ya kwanza isimame wapi. Ni pale kwenye shimo, karibu na geti lake, ambapo mgeni mmoja aliwahi kupoteza kiatu. Anasema atawakumbusha kila atakapopeleka fedha, na wanaomjua wanaiombea manispaa subira.

Jioni inaingia. Vyumba vyote vitatu vina taa, na kutoka chumba cha mbele wanawake wazima wanaimba wimbo wa shule, kila mmoja na maneno yake. Mama Funguo yuko jikoni akipanga vikombe sita. Ndipo anapousikia uani: mlio wa utepe wa chuma ukijirudisha.

Kikombe kinabaki hewani. Ni mlio ule ule wa wiki iliyopita. Anatoka mbio, funguo zikipiga kelele.

Kaka yake amechuchumaa kwenye stoo ya zamani ya baba yao, ile yenye matairi na madirisha mabovu. Kalamu iko mdomoni. Anaunyoosha utepe kutoka ukuta hadi ukuta, anaandika kitu kwenye kiganja cha mkono, anaunyoosha tena.

"Kaka, si tumepata kibao? Unapima nini tena? Mnunuzi hujamwambia?"

"Nilimpigia mchana. Nimemwambia atafute bohari kwingine." Hanyanyui kichwa. "Shika mwisho wa utepe huu. Dirisha likiwa upande huu, vitanda viwili vinaingia, na choo kinakaa pale. Chumba cha nne. Friji ndogo nitawawekea mimi."

Mama Funguo anaushika utepe. Anauvuta mpaka ukutani, anaubana kwa kidole gumba, anasubiri kaka asome kipimo.

"Lakini vitanda vya humu," anasema kaka mtu, "nitavifunga mimi. Na boliti zake Shangazi asizijue."